Msituambie "Simama" Tukiwa Majini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Usalama wa Ndani, kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, na kwa wakuu wa Wizara ya Uvuvi na Mifugo, Lusaka.

Waheshimiwa, mwapoleni mukwai.

Nawasalimu kwa Kibemba kwa kuwa ndicho kinachonilisha, ila barua naiandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichonyonya. Nilizaliwa Kilwa, ule mji wa Kongo, si kisiwa cha Kilwa ambacho ni chenu, wala si Kilwa ya Tanzania ambayo watoto husoma shuleni. Nimeolewa Kashikishi, nimezaa Kashikishi, na mume wangu nimemzika papo hapo. Nauza chisense. Mkishangaa muuza dagaa wa Nchelenge kuwaandikia kwa lugha ambayo Bungeni kwenu haisemwi, kumbukeni kwamba lugha hii ilifika Mweru kabla ya bendera yoyote. Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867 alimkuta mfanyabiashara Muhammad bin Saleh amekaa huko miaka. Na hadi leo, usiku wa manane katikati ya ziwa, sauti zinazoitana kutoka mtumbwi hadi mtumbwi mara nyingi ni za Kiswahili. Najua mtahitaji mkalimani. Basi huko kumtafuta mkalimani ni sehemu ya jambo ninalowaandikia.

Jambo lenyewe ni neno moja: simama.

Ilikuwa Februari, miaka michache iliyopita, ziwa limefungwa. Ninyi mnajua, na msomaji wa mbali ajue, kwamba kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hausimamiwi tu, unakatazwa, ili samaki wazae. Mimi nilikuwa natoka msibani Kilwa ya ng'ambo. Mtumbwi ulikuwa wa kuchonga, wapiga kasia wawili, wote wana wa dada yangu, mmoja kijana mkubwa na mwingine wa miaka kumi na sita. Chini ya mkeka kulikuwa na wavu. Sikujua. Tuseme ukweli: sikuuliza.

Boti ya doria ilikuja bila taa. Waliizima injini mbali, wakaiacha iteleze, na mara tukapigwa tochi za macho. Sauti ikatoka nyuma ya mwanga: "Simama!" Tukawa tumeganda. Ikarudi kwa Kibemba: "Iminineni!" Sasa, waheshimiwa, maneno haya mawili ni ndugu. Kwa Kiswahili *simama* ni kuacha kwenda, na ni kuinuka kwa miguu. Kwa Kibemba *iminina* ni vilevile. Barabarani haidhuru, maana anayetembea kwa miguu akiambiwa asimame tayari amesimama. Lakini mtu aliyekaa ndani ya mtumbwi, gizani, mbele ya mtutu, akisikia simama, na hasa akiwa mtoto, atafanya kile neno linachosema. Yule mdogo aliinuka. Akanyoosha mikono juu kama alivyoona kwenye sinema za kule vibanda vya video. Mtumbwi wa kuchonga hauna subira na mtu aliyesimama. Tuliviringika wote watatu, na mizigo, na wavu.

Risasi ililia hapohapo. Nasema ililia, sisemi askari alitupiga, kwa sababu sidhani kama alitaka. Nadhani kidole kilishtuka pamoja na mwenye kidole. Kisha tukasikia kishindo cha maji ambacho hakikuwa chetu. Askari naye alikuwa amesimama kwenye boti yake, na bunduki iliporudisha nguvu begani, boti ikamkataa.

Alikuwa na viatu vya mguu mzima vilivyofungwa kamba hadi juu. Alikuwa na bunduki imening'inia shingoni kwa mkanda. Hakuwa na jaketi okozi. Alikuwa akipiga maji kwa viganja, jinsi mtoto wa mjini anavyopiga, na wenzake kwenye boti walikuwa wakimwita jina na kummulika kwa tochi, hakuna hata mmoja aliyeruka. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba na wao hawakujua kuogelea. Kijana wetu mkubwa alizama akamfuata, akiwa na kisu kilekile cha kukatia nyuzi za nyavu, akakata kamba za viatu, akauvua ule mkanda wa bunduki shingoni. Tukamlaza juu ya mtumbwi uliopinduka akatapika ziwa.

Wavu wetu walituchukulia, na walikuwa na haki. Stakabadhi hawakutupa, na hapo hawakuwa na haki. Sitataja ni watu wa idara gani. Gizani sare zote zina rangi moja, na sikushika kalamu ili kijana aliyekuwa akitetemeka kuliko mwanangu afukuzwe kazi. Nimeishika kwa sababu tangu usiku ule najiuliza nani alimpeleka pale, alimfundisha nini, na alimpa nini mkononi.

Polisi wenu wanafunzwa Lilayi, kusini kidogo mwa Lusaka. Maofisa wa uvuvi wengi wanapita chuo cha Kasaka, Kafue. Sina neno baya juu ya vyuo hivyo. Nimeona vijana waliotoka huko wakipiga gwaride la Sikukuu ya Uhuru hapa bomani, mistari imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Lakini kutoka Lusaka hadi Nchelenge, ukipitia Serenje na Mansa, ni karibu kilomita 1,000 za barabara, na mwisho wa barabara hiyo kuna ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 5,000 ambalo katikati yake umepita mpaka wa nchi usioonekana hata mchana. Ziwa lenyewe ni la kina kifupi, sehemu kubwa haifiki mita 10. Wasiolijua hulidharau kwa hilo. Wanaolijua wanaliogopa kwa hilohilo, kwa kuwa upepo ukivuma kwenye maji mafupi, mawimbi yanakuja ya karibukaribu, makali, hayampi mtu nafasi ya kupumua kati ya moja na jingine. Na mamba wapo. Ukimtoa mtu kwenye uwanja wa gwaride ukamweka humo usiku, ukampa bunduki na kumnyima kila kitu kingine, jambo la kwanza atakaloogopa ni maji, la pili ni sisi, na atazijibu hofu zote mbili kwa kifaa kimoja alichonacho.

Hili sikulitunga mimi. Mwaka 1990, kule Havana, Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za msingi kuhusu matumizi ya nguvu na silaha kwa wasimamizi wa sheria. Nilisomewa na mwanangu anayesoma. Moja inasema serikali ziwape askari vifaa vya kujikinga, ngao, kofia ngumu, vizibao vya kuzuia risasi, ili haja ya kutumia silaha ipungue. Nilimwambia arudie. Maana yake ni kwamba aliyelindwa hana haraka ya kupiga. Sasa huku kwetu ngao ni ipi? Askari wa Mweru hatumpigi mishale. Ngao yake ni lile jaketi la rangi ya chungwa linaloelea. Akilivaa, na akijua kwamba hata akianguka ataelea mpaka wenzake wamfikie, moyo wake unatua. Akituona tumekaa tumenyamaza, ataona watu watatu na wavu, hataona kifo chake. Jaketi moja ni bei ndogo sana ukilinganisha na bunduki, na sijawahi kusikia jaketi limelia kwa bahati mbaya.

Kuna na hii risasi ya onyo. Nchi kavu, ukiinua mtutu juu, juu ni juu. Kwenye boti inayocheza, juu ya sasa hivi ni ubavuni punde si punde. Na risasi ikigusa maji kwa pembe ndogo inaruka kama kijiwe ambacho watoto hurusha kikatambaa juu ya maji, na huko inakoelekea kuna taa za wavuvi wa chisense, kila taa na watu wake wanne au watano. Wavuvi wetu wanavua chisense kwa mwanga, zamani karabai, siku hizi taa za betri kutoka China, na ukitazama kutoka Kashikishi msimu ukiwa wazi utadhani kuna mji mwingine majini. Nani aliwafundisha askari wenu kwamba kuna upande ulio mtupu kwenye mji huo?

Lakini niwaambie jambo ambalo Lilayi haliwezi kufundishwa kwa kitabu: watu wa ziwa hili wakisikia bunduki hawasikii onyo. Wanasikia Kilwa.

Tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia mjini kwetu. Siku iliyofuata jeshi la Kongo likaja kuurudisha mji. Waliouawa walizidi 70, wengi wao raia wasio na hata panga. Kulikuwa na waliokamatwa wakauawa, na nyumba zikaporwa. Magari ya kampuni ya uchimbaji ya Anvil Mining, iliyokuwa na mgodi Dikulushi, yalitumika kuwabeba askari. Mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi, mwaka 2007, iliwaachia washtakiwa kuhusu mauaji hayo, na miaka kumi baadaye, mwaka 2017, ndipo ulipotangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba serikali ya Kongo iwalipe waathirika dola milioni 2.5. Mimi wakati ule nilikuwa Kashikishi tayari. Nilikaa ufukweni nikihesabu mitumbwi inayovuka, namtafuta mama yangu. Mtumbwi wake ulikuja siku ya tatu. Alikuwa amekaa chini kabisa, kichwa kati ya magoti, na hata tulipomwambia amefika, hakuinua kichwa.

Watu wa namna hiyo ndio mnaokutana nao usiku. Na wale wakimbizi wa Kongo waliovuka mwaka 2017 wakakaa kambi ya Kenani, kisha Mantapala, nao wana bunduki zao masikioni. Kwa hiyo mtumbwi ukikimbia baada ya mlio, askari asihesabu kwamba mbio ni ushahidi. Wengine wanakimbia kwa sababu wamebeba kokoro. Wengine wanakimbia kwa sababu mwaka 2004 waliobaki ndio waliokufa. Afisa aliyefunzwa vizuri angewatenganisha kwa sauti tu, kwa lugha yao. Angesema: "Wekeni kasia ndani. Kaeni chini. Mikono tuione. Sisi ni doria ya Zambia, tunakuja polepole upande wa kulia." Sentensi nne. Nimezipima kwa pumzi, hazimalizi pumzi moja. Kanuni zilezile za Havana zinataka askari ajitambulishe na atoe onyo linaloeleweka kabla ya silaha, na onyo linaloeleweka kwa nani, kama si kwa anayeonywa? Mpiga kasia wetu usiku ule alimjibu yule askari kwa Kiswahili chetu cha Katanga, "Musipige, siye tuko bantu ya samaki," na hakuna aliyemwelewa kwenye boti nzima.

Msinielewe kwamba nataka mtuondolee doria. Mungu apishe mbali. Tuliofanya biashara hapa miaka ya vita tunajua ziwa lisilo na mwenyewe likoje. Mji wa Pweto, ule wa ng'ambo, ulipoanguka Desemba 2000, walivuka raia na wakavuka askari waliokimbia vita, na Zambia ikawapokonya silaha mpakani na kuwapokea kama watu. Hilo sisi wa ng'ambo hatujalisahau. Na siku hizi wapo wezi wa injini za boti wanaokuja na silaha, mvuvi anaamka asubuhi hana Yamaha yake na hana la kufanya. Tunawataka maofisa. Nauza samaki, na najua samaki wakiisha nitauza nini. Wazee wa hapa wanazungumza juu ya mpumbu, yule samaki aliyekuwa akipanda Luapula kutaga kwa makundi hata mto ukasikika, na akavuliwa wakati wa kutaga kwake mpaka miaka ya 1940 ilipokuwa ikiisha akawa hadithi. Anayesema ziwa lisifungwe, mimi simo.

Ila anayelifunga awe na funguo. Mwezi Juni 2018, kule Dodoma, maofisa wa wizara ya uvuvi ya Tanzania waliingia kwenye kantini ya Bunge na rula, wakawapima sato waliopikwa, wakakuta hawajafika sentimita 25, wakatoza faini ya shilingi 300,000. Wabunge walikasirika kwelikweli. Sisi huku tulicheka mpaka machozi, na bado nikikaanga samaki mdogo wanangu huniuliza rula iko wapi. Lakini kicheko kikipita, fikirini: wale maofisa walikuwa na rula. Walipima mbele ya mwenye samaki, kipimo kilionekana, kiasi cha faini kilijulikana, na malalamiko yalipelekwa mahali. Huku Mweru nimeona matundu ya wavu yakipimwa kwa vidole. Vidole vya mtu mnene na vya mtu mwembamba havipimi wavu mmoja. Kipimo cha matundu ni kipande cha chuma au plastiki kinachoingia mfukoni. Ongezeni mizani, kitabu cha stakabadhi chenye nakala, na karatasi moja yenye picha za nyavu zilizokatazwa, ili hata asiyesoma aone. Wavu unaochomwa bila kupimwa na bila karatasi, mwenyewe anahesabu ameibiwa, na aliyeibiwa hurudi majini usiku uleule kwa wavu mbaya zaidi ili afidie.

Na chandarua. Mnakataza vyandarua visitumike kuvulia, ni sawa. Lakini Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria kali kuliko zote nchini, watafiti wanakuja kutoka mbali kuihesabu, na maofisa vijana mnaowaleta kutoka mjini wanalala humu. Nimemwona mmoja akiwa kwenye zamu ufukweni, ana homa, amejifunika koti la mvua, na pembeni yake lundo la vyandarua alivyokamata siku hiyo. Sikujua nicheke au nimpikie uji. Nilimpikia uji.

Nije kwenye petroli, maana hapa ndipo penye uozo, na watu wa ofisini hupenda kuruka hapa.

Boti bila petroli ni jahazi la maonyesho. Doria ikikosa mafuta, kuna njia mbili. Ya kwanza, haitoki, na wanaovunja sheria wanajua ni tarehe ngapi za mwezi haitoki. Ya pili, inaazima. Inaazima kwa nani? Kwa wenye petroli, nao ni wenye injini, nao ni wale wale wa kukaguliwa. Nimeombwa mimi mwenyewe lita tano, kwa adabu, na mtu ambaye nisingependa kumkatalia. Nikatoa. Wiki ile nilipita na mzigo wangu bila kuulizwa, na mwenzangu wa kibanda cha tatu, mjane kama mimi, ambaye hakuwa na cha kutoa, alifunguliwa magunia yote hadi la mwisho. Mimi niliyetoa nilinyamaza. Nawaandikia haya ili mjue kwamba najua. Aliyeweka mafuta ndiye anayeshika usukani, hata akiwa amelala nyumbani. Huwezi kumfundisha afisa uadilifu darasani kwa miezi kisha ukampa boti yenye tangi tupu. Bajeti ya mafuta ni somo, tena ndilo somo analolirudia kila siku.

Kuna siku niliulizwa karatasi mara nne kati ya ufukwe na soko: polisi, uhamiaji, forodha, uvuvi. Kila mmoja na namna yake ya kuuliza, mmoja akitaka nikae, mwingine nisimame, wa tatu akinifokea kwa nini nimeshika mkoba, wa nne akiniita mama. Nimesikia kwamba Marekani, mahali paitwapo Glynco, jimbo la Georgia, pana kituo cha serikali kuu kilichoanzishwa mwaka 1970 na kuhamia huko 1975 kwenye kambi ya zamani ya ndege za jeshi la majini. Humo maofisa wa idara nyingi za serikali kuu husoma pamoja mambo ya msingi, kukamata, kuhoji, kutumia silaha, kuendesha, na kuna masomo ya boti pia, kisha kila mmoja hurudi kwa idara yake. Sisemi kila kitokacho Marekani ni cha kuigwa. Polisi wao nao wanaua, na ulimwengu umeona kwa video. Ila wazo la kwamba mwenye sare ya uvuvi na mwenye sare ya polisi wakae benchi moja wajifunze namna moja ya kumkaribia mtu, hilo halihitaji dola za Marekani.

Mnajua pia yanayotokea mtu asipofunzwa kwa kazi anayopewa. Tanzania, Oktoba 2013, waliwatuma askari wa vikosi mbalimbali kwenye Operesheni Tokomeza kuwasaka majangili. Kabla mwezi haujaisha operesheni ilikuwa na malalamiko ya mateso na vifo, ikasitishwa mwanzoni mwa Novemba, na Desemba mawaziri wanne wakapoteza kazi. Ujangili wenyewe ulikuwa wa kweli, tembo walikuwa wanaisha. Uganda, mwaka 2017, waliweka jeshi kwenye Ziwa Victoria kuwafukuza wavuvi haramu, na vilio vya wavuvi kupigwa vikafika Bungeni. Wapo wanaosema samaki waliongezeka. Inawezekana. Nami nauliza mvuvi aliyevunjwa mkono atamvuta huyo samaki kwa nini.

Ninyi hapa mlichagua njia nyingine miaka ya 1990 mlipobadilisha jina, Jeshi la Polisi likawa Huduma ya Polisi. Kenya nao baada ya katiba ya 2010 wakasema Huduma ya Taifa ya Polisi. Neno huduma kwa Kiswahili ni zito, ni kazi ya mtu anayemhudumia mgonjwa, mgeni, mzee. Sidhani mliliweka kwa pambo.

Basi ninachoomba ni hiki. Afisa yeyote atakayepangwa kwenye ziwa, awe wa polisi au wa uvuvi au wa nini, apitie kwanza wiki mbili hapa Nchelenge. Asifundishwe na mtu kutoka Lusaka. Afundishwe na wavuvi, mkiwalipa posho kidogo na kuwaandikia cheti, maana na wao wanapenda vyeti. Ajifunze kuelea akiwa na nguo zake za kazi. Ajifunze kukaribia mtumbwi kutoka upande usiopinduka, na kukaa chini boti ikiwa inatembea. Ajifunze kukisikia kilio cha kutumpula, ule uvuvi wa kupiga maji kwa mti kuwasukuma samaki wavuni, ambacho mwenye sikio hukitambua kutoka mbali na hahitaji kumulika kila mtu. Ajifunze Kiswahili cha maneno hamsini. Mimi mwenyewe nitakuja kukifundisha, bure, alfajiri kabla soko halijafunguliwa. Maji ya mbele ya soko letu yanamfika mtu mzima kifuani kwa hatua nyingi, ni mahali pazuri pa kuanzia. Viatu avivue.

Tena kuhusu viatu. Usiku ule, baada ya boti ya doria kuondoka na wavu, vijana walizama tena kutafuta sufuria yangu ya msibani. Sufuria haikuonekana. Walipata kiatu kimoja, cha kushoto, namba tisa, kamba zimekatwa katikati. Nimekikausha juani kwenye mchanga pamoja na chisense, nimekipaka mafuta, kimekaa juu ya kabati langu hadi leo kwa sababu kutupa kiatu cha serikali naogopa na kukipeleka kituoni nitaulizwa nimekipata wapi. Mwenyewe akisomewa barua hii, aje sokoni Kashikishi aulize muuza chisense mwenye kiatu. Watamwonyesha. Na asije akasimama mlangoni kama mgeni. Kuna kigoda, akae.

Wenu,
Muuza chisense, Kashikishi